Kinyago na Mchongaji Wake: Maisha na Kazi ya Gregory Maloba

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu aliyeinuliwa na wenzake, kisha akataka kuwatisha wale wale waliomwinua. Lakini ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi, inamwuliza swali zito kila mtu aliyepata kushika patasi ili atoe umbo la kitu kitakatifu. Ajuaye kwamba jana sanamu ile ilikuwa gogo, na kwamba ni mkono wake uliolitoa pua na macho gogo hilo, atasimamaje mbele yake kwa heshima? Na jirani zake, wanaomjua yeye na wanalijua deni lake la dukani, wataionaje kazi yake kuwa ni zaidi ya mti?

Swali hilo ni gumu zaidi kwa wasemao Kiswahili, kwa sababu lugha yenyewe imekwisha kulitolea hukumu. Neno sanamu lilitoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kitu kiabudiwacho badala ya Mungu. Lilipoingia pwani ya Afrika Mashariki lilipanuka: likawa jina la umbo lo lote la kuchongwa, la kufinyangwa au hata la kuchorwa. Hata hivyo halikuacha asili yake. Waliotafsiri Biblia walilichukua neno lilo hilo kuitia miungu ya uongo, na misikitini hutajwa kwa kulaaniwa. Basi mchongaji wa sanaa ya dini huanza kazi yake akiwa ameshitakiwa na jina la kitu anachokitengeneza.

Si ajabu, kwa hiyo, kwamba ziko nchi nzima za Afrika Mashariki ambamo dini ilishika mizizi bila ya kuhitaji mchongaji. Mfano bora ni Rungwe. Kabla ya Wakristo kufika, utakatifu kwa Wanyakyusa ulikuwa ni mahali. Ulikuwa katika msitu wa Lubaga, ambako Lwembe alitolewa sadaka, na katika pango lililo karibu na ufuko wa Ziwa Nyasa, ambalo jina lake liliambatana na Kyala. Mtu hakuonyeshwa uso wa mungu. Alionyeshwa miti mirefu na kivuli chake, naye akajua kuwa hapo sauti hushushwa. Mwaka 1891 walifika Wamisionari wa Kimoravian wakajenga kituo chao chini ya Mlima Rungwe, na mwaka uo huo wakaja wenzao Walutheri wa kutoka Berlin. Walilichukua jina la Kyala wakamwita kwalo Mungu wa Biblia. Hivyo jina lilihama kutoka pangoni likaenda kitabuni, lakini halikupewa sura njiani.

Wamoravian wenyewe walikuwa watu wa neno na wimbo. Katika mji wao wa Herrnhut, huko Ujerumani, wana kitabu cha neno la kila siku ambacho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1731, na makaburi yao yalifunikwa kwa mawe ya bapa yaliyo sawasawa, bila ya malaika wa marumaru juu ya tajiri wala msalaba mrefu juu ya mkubwa. Katika nchi ya Tukuyu, Lupepo na vilima vinavyoizunguka, urithi huo ulikutana na wenyeji ambao tangu zamani hawakumtafuta Mungu katika mti uliochongwa. Mkono wa fundi ulipewa tofali, ubao na nyuzi za ufumaji. Sauti ikapewa nyimbo na tarumbeta.

Wala isidhaniwe kwamba huko kulipungua ujuzi wa mikono. Chini ya milima hiyo, kwenye ufuko wa Nyasa, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu vinavyosifiwa mbali kwa wembamba na uzuri wake. Waliojua kuupa udongo tumbo la chungu na shingo yake wangeweza kuupa pia kichwa na mabega, lau desturi yao ingalitaka hivyo. Sanamu haizaliwi na ujuzi peke yake. Huhitaji kuwako watu wanaotaka kukusanyika mbele yake.

Hali kama hiyo ya Rungwe ilikuwako sehemu kubwa ya nchi zinazoizunguka Nyanza. Baganda walikuwa na mahekalu, ngoma na vitu vitakatifu vilivyovishwa shanga na ngozi, lakini maumbo ya watu yalikuwa machache mno. Mwaka 1929 kilichimbuliwa katika kilima cha Luzira, karibu na Kampala, kichwa cha udongo wa kuchoma cha zamani sana, ambacho sasa kimo katika British Museum, London. Wataalamu walikistaajabia kwa kuwa hakikuwa na ndugu wanaojulikana. Kilionyesha kwamba zamani alikuwako mtu aliyeupa udongo uso wa binadamu, lakini hakikufundisha ni nani aliyeurithi ujuzi wake.

Ndiko katika pande hizo za Nyanza, upande wa Kenya, alikozaliwa Gregory Maloba mwaka 1922, katika nchi ya Mumias. Mumias haikuwa kijiji cha kando. Ilikuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na kituo ambapo misafara ya pwani ilipumzika ikienda na kurudi Uganda. Waswahili walileta huko Uislamu na msikiti. Baadaye mapadre wa Mill Hill wakaleta Kanisa Katoliki. Mtoto wa Mumias aliweza kukua akizisikia hoja zote mbili: upande mmoja dini isiyoruhusu sura yo yote mahali pa sala, na upande wa pili dini iliyowasha mshumaa mbele ya sura ya Mama na Mtoto.

Maloba alisomeshwa katika shule za misheni ya Kikatoliki. Makanisa ya Kikatoliki ya zama zile yalipambwa kwa sanamu za plasta zilizoagizwa kutoka Ulaya: Bikira Maria mwenye joho la samawati, Yusufu mwenye ndevu za kahawia, Moyo Mtakatifu uliopakwa rangi nyekundu. Zilitolewa katika kalibu kwa mamia, zote kwa sura moja. Ni rahisi leo kuzidharau, na wengi wamezidharau. Lakini kwa kijana mwenye macho ya fundi zilikuwa na somo ambalo kitabu hakikuweza kulitoa. Zilimwonyesha kwamba umbo lililotengenezwa na mtu linaweza kuwekwa katikati ya watu, na watu wale wakanyamaza. Zilimwonyesha pia upungufu wake: kwamba nyuso zile zote zilikuwa za watu wa mbali.

Wakati huo ilikuwa imeanza Kampala kazi ambayo ilikuja kuyageuza maisha yake. Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1929 pamoja na mume wake daktari, akakaa kwanza Machakos, kisha akahamia Uganda mwaka 1935. Hapo alianza kufundisha uchoraji na uchongaji katika baraza ya nyumba yake, na kuanzia mwaka 1937 darasa hilo likawa chimbuko la shule ya sanaa ya Makerere. Trowell alikuwa Mkristo wa dhati. Aliamini kwamba sanaa kubwa za dunia zilitoka katika ibada, na kwamba sanaa mpya ya Afrika Mashariki ingeweza kukua vivyo hivyo. Alipenda kuwasimulia wanafunzi wake hadithi za Biblia na za nchi yao, kisha akawaacha waziwaze kwa nyasi, migomba na nguo walizozijua wao.

Njia hiyo imepata wakosoaji wenye haki. Trowell ndiye aliyeamua ni lipi lililo la Kiafrika na lipi lililoibwa Ulaya, na uamuzi huo haukuwa wake kuutoa. Lakini alitenda jambo moja ambalo halina budi kuhesabiwa. Katika nchi ambamo mwanafunzi Mwafrika alizoezwa kunakili, yeye alimwambia abuni. Kwa mtoto wa Mumias aliyelelewa mbele ya sanamu za kalibu, ruhusa hiyo haikuwa ndogo.

Maloba aliingia Makerere akiwa kijana, na katika miaka ya mwanzo ya 1940 alikwisha kuchonga katika mti kazi iliyomjulisha, aliyoiita Kifo. Yafaa kutua mbele ya jina hilo. Mwanafunzi wa misheni, katika shule iliyoongozwa na mwalimu wa dini, hakuanza na malaika wala mchungaji mwema. Alianza na lile ambalo dini zote huanza nalo: kwamba mwanadamu hufa. Kazi hiyo haikukusudiwa madhabahu yo yote, wala hakuna misa iliyosomwa mbele yake. Hata hivyo ni ya dini kwa maana iliyo nzito zaidi ya kuwa na taji la watakatifu, kwa sababu inamlazimisha mtazamaji kulikabili jambo ambalo hawezi kulishinda kwa akili zake. Methali inasema kinyago hakimtishi aliyekichonga. Maloba alichagua umbo ambalo kila mchongaji, hata akiwa hodari vipi, mwisho humtisha.

Tangu hapo alikuwa mwanafunzi na msaidizi, kisha mwalimu wa uchongaji, mmoja wa Waafrika wa kwanza kufundisha sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda Uingereza akasoma katika Bath Academy of Art huko Corsham, na katika miaka ya 1950 akarudi tena kusoma katika Royal College of Art, London. Wanahistoria wa sanaa wametaja jinsi alivyovutwa na kazi za Jacob Epstein, mchongaji aliyezaliwa New York katika ukoo wa Kiyahudi akaishi London. Epstein alikuwa amepigwa vita miaka mingi na magazeti ya Uingereza kwa kuthubutu kuwapa Kristo na manabii nyuso ambazo Waingereza hawakuzizoea. Alikuwa amejifunza mengi kutokana na vinyago vya Afrika, ambavyo alivikusanya kwa shauku kubwa.

Hapo pana mzunguko unaostahili kuangaliwa. Mchongaji wa Ulaya alivitazama vinyago vya Afrika ili aiokoe sanaa ya dini ya kwao isife katika uzuri wa sukari. Na mchongaji wa Afrika, aliyelelewa na sanamu za sukari hiyo hiyo, alimtazama mchongaji yule ili aione tena njia ya kurudia nguvu ya kinyago. Mwaka 1952 sanamu ya Epstein ya Lazaro iliwekwa katika kanisa dogo la New College, Oxford. Ni mtu mrefu aliyefungwa vitambaa vya maziko toka mabega hadi miguu, kichwa kimeelekea nyuma, anaamka lakini hajafunguliwa bado. Anayeujua mnara uliosimamishwa Kampala miaka 10 baadaye hawezi kuitazama sanamu ile bila ya kukumbuka.

Kabla ya kuufikia mnara huo, lazima yatajwe matunda ya darasa alimofundisha. Mmoja wa wanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1950 alikuwa Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932 katika nchi ya Walutheri. Mwaka 1959 Njau alichora katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, picha tano kubwa za maisha ya Kristo, toka kuzaliwa hadi msalabani. Kanisa lile lilikuwa ukumbusho wa waliouawa katika vita vya Mau Mau, na Njau alimfanya Kristo awe Mwafrika, akazaliwa na kufa katika vilima vya Ugikuyu. Kile ambacho mapadre na wachungaji wengi walikiogopa, yaani kumpa Mwokozi sura ya jirani, kilifanyika mahali ambapo jirani alikuwa amemwaga damu ya jirani. Basi katika kizazi kimoja Makerere ilikuwa imeitoa sanaa ya dini katika kalibu ya plasta ikaiweka katika udongo wa nchi.

Mwaka 1962, Uganda ilipokuwa inakaribia uhuru wake wa tarehe 9 Oktoba, Maloba alipewa kazi ya kutengeneza mnara wa ukumbusho wa siku hiyo. Aliyeitoa kazi ni serikali ya kikoloni iliyokuwa inafunga mizigo yake, na aliyeipokea ni Mkenya, ambaye nchi yake mwenyewe ilibaki chini ya wageni hadi Desemba 1963. Mnara huo, ambao urefu wake ni takriban mita 6, ungali katikati ya Kampala. Haukuchongwa katika gogo, bali ulitengenezwa kwa zege. Mti humwamuru fundi kuondoa. Zege humwamuru kuongeza, kujenga nyama juu ya mifupa ya nondo. Kwa hiyo mfinyanzi wa Kikisi angeifahamu kazi hiyo upesi kuliko mchonga vinyago.

Umbo lenyewe ni la mama aliyesimama. Mwili wake umezungushiwa mikanda mipana toka chini hadi juu, kama mtu aliyefungwa au maiti aliyesongwa sanda. Juu ya kichwa chake anamwinua mtoto, na mtoto huyo yu uchi na huru, mikono yake imenyoshwa mbinguni. Maelezo ya serikali ni rahisi, na ni ya kweli: mama ni nchi iliyokuwa imefungwa na ukoloni, mtoto ni taifa jipya. Lakini mtu aliyepata kuketi katika kanisa la Kikatoliki anaona neno la pili chini ya neno la kwanza. Huyu ni Mama na Mtoto. Katika habari za kuzaliwa kwa Kristo, mtoto ndiye aliyevikwa nguo na kulazwa, naye mama yu huru kumhudumia. Maloba aliugeuza mpango huo. Alimvua mtoto zile nguo akamzungushia mama. Furaha ya ukombozi ikabaki na mwenye kuinuliwa, na gharama yake ikabaki na mwenye kuinua.

Hapa ndipo panapoonekana jambo ambalo maisha ya Maloba yanafundisha. Mchongaji huyu hakuliacha kanisa nyuma yake alipoifanyia kazi serikali. Aliichukua sura aliyofunzwa kanisani akaipeleka njiani, mahali ambapo Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu na asiye na dini wanapita sawasawa. Ndani ya kanisa sanamu ya Mama na Mtoto ingaligawanya watu, maana wengine wangalipiga magoti na wengine wangaliita ile ni ibada ya miungu. Barabarani hapana wa kupiga magoti, na kwa sababu hiyo hapana wa kukasirika. Shitaka lililomo katika neno sanamu halikujibiwa kwa hoja. Lilijibiwa kwa kubadilisha mahali.

Ibada ya kweli ya mnara ule ilifanywa na miaka iliyofuata. Mwaka 1966 jeshi liliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka 1979 akaondolewa kwa vita. Na vita vingine vikaendelea hadi mwaka 1986. Nyakati zote hizo yule mama alisimama na mikanda yake. Waliompita wakati wa mauaji hawakuweza kumsoma kama walivyomsoma mwaka 1962, kwa kuwa mikanda ile haikuwa tena ya wakoloni peke yao. Kinyago kilikuwa kimekua kuliko siku yake. Katika miaka hiyo hiyo ya majonzi Francis Nnaggenda, mchongaji wa kizazi kilichofuata, alitoa katika shina la mti lililopatikana Makerere sanamu ya majeruhi wa vita aliyekatika viungo lakini amesimama; ikawekwa katika maktaba ya chuo, nayo yaonekana kuwa ndugu wa msalaba ingawa haina msalaba. Mlango ambao Maloba aliufungua kutoka kanisani kwenda kwenye mateso ya watu wote haukufungwa.

Yeye mwenyewe aliondoka Makerere katikati ya miaka ya 1960 akaenda Nairobi, ambako aliongoza idara ya usanifu katika Chuo Kikuu. Alifariki mwaka 2007. Noti za Uganda zilizotolewa mwaka 2010 zina picha ya mnara wake, hivi kwamba mama yule na mtoto wake wanashikwa sokoni kila siku na mikono ya mamilioni ya watu. Wauza ndizi wanamkunja, makondakta wanamhesabu, watoto wanatumwa naye dukani. Ni wachache sana miongoni mwao wanaoweza kumtaja aliyemfanya.

Usahaulifu huo unaweza kuitwa dhuluma, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyo. Taifa lisilowajua mafundi wake litadhani kwamba alama zake ziliota zenyewe, na halitajua namna ya kuzilea nyingine. Shule zafaa kulifundisha jina la Maloba pamoja na majina ya waliotia saini mikataba ya uhuru. Lakini uko upande wa pili. Mchonga sanamu takatifu wa zamani hakutia jina lake chini ya kazi, na waumini hawakumwuliza, kwa sababu walipoitazama sanamu hawakumwona fundi. Hapo ndipo methali ya kinyago inapofikia mpaka wake. Kinyago hakimtishi mchongaji wake maadamu kiko mikononi mwake. Kikisha kukabidhiwa watu, nao wakakusanyika mbele yake kwa furaha na kwa kilio, hakiwi tena chake peke yake, na hata yeye akipita hapo hana budi kuinua macho kama wengine.

Makanisa ya Rungwe hayakupungukiwa kitu kwa kukosa sanamu. Yalichagua wimbo, na wimbo nao hauna uso wala haumbembelezi fundi aliyeutunga. Huimbwa Lupepo na Tukuyu na watu wasiomjua. Mama wa Kampala amefika mahali pale pale kwa njia ya zege. Tofauti ni kwamba wimbo ukisahauliwa hunyamaza, bali yeye, jina la Maloba likumbukwe au lisikumbukwe, bado amemwinua mtoto.